Moto wa Kwedimunga

Jumanne, 13 Agosti 1974

Tumefika. Mimi jana alasiri, pamoja na kitanda, godoro na kuku waliokubali kukamatwa. Mama mkwe alitangulia asubuhi na lori la wazee na mbuzi. Nilimkuta amekaa kwenye kibanda kisichokuwa na paa bado, ameipa barabara mgongo.

Kijiji hiki cha ujamaa ni kizuri. Naandika kweli yangu, humu hakuna wa kunisikia. Viwanja vimepimwa kwa kamba, safu kwa safu. Bomba liko karibu, ukimwita mtu aliye pale anaitika. Zahanati haijaezekwa lakini mkunga ameshafika, nimemwona kwa macho yangu, mama mnene wa Vugiri, anacheka na kila mtu. Kule porini Kwedimunga, tulikohamishwa, mimba yangu ya kwanza iliharibika njiani, nimelazwa kwenye machela, wanaume wanapokezana, Handeni haifiki. Hii ya sasa ina miezi mitano. Basi asinilaumu mtu nikifurahia bomba!

Mimi ni mtoto wa Hale, nyumba za wafanyakazi wa umeme. Baba alikuwa fundi kwenye mitambo pale mtoni. Nimekua nabonyeza swichi ukutani, taa inawaka, naendelea na mambo yangu. Mhina akanioa, akanileta Kwedimunga kwa mama yake, kisha yeye huyoo, akarudi Mnyuzi kwenye mkonge. Anakuja mwisho wa mwezi. Miaka miwili nimekaa na Mama tu. Na fisi.

Mama amenipokea kama nimetoka kuhiji. Kwa ajili ya kile chungu. Sitaki kuandika habari ya chungu leo. Mgongo unauma.

Alhamisi, 15 Agosti

Sipati raha. Ngoja niandike, labda nitapumua.

Ni habari ya moto. Kule Kwedimunga moto wa jiko la Mama haujawahi kuzimika. Alipoolewa aliupokea kwa mama mkwe wake, naye aliupokea kwa wake, huko nyuma sijui mpaka wapi. Kila jioni anaufukia jivuni pamoja na gogo la mkwaju, alfajiri anaufukua. Mwaka mmoja wa mafuriko kuni zote zililowa. Akavunja kitanda chake akakichoma, ili moto ufike asubuhi. Marehemu baba mkwe akalala chini, na hakulalamika! Mhina na dada zake wote waliogeshwa kwa maji yaliyopashwa moto huo. Mimi nilipofika na kiberiti changu cha Hale, Mama alinitazama kama nimeingia na nyoka mfukoni.

Siku ya kuhama alipanga makaa chunguni, jivu chini, jivu juu, kijinga cha mkwaju katikati. Dereva wa lori la kwanza akakataa. Moto, nyasi na watu pamoja? Hapana. Vijana waliokuja kutuhamisha wakambeba Mama juu juu wakampakia, analia. Akanikabidhi mimi chungu, maana mimi na tumbo langu nilipangiwa kukaa mbele katika lori la pili. Akaniambia, "Swaumu, usiniachie njiani." Basi, neno hilo tu.

Nami nikafanyaje? Jivu lilikuwa linarukia godoro. Nikakifunika chungu kwa mfuniko wa sufuria, nikaukaza kwa kanga, nikafunga fundo juu ya fundo. Makaa! Hata mtoto wa Kizigua asiyejua kuvaa anajua makaa yanataka hewa. Mimi nimezoea moto wa kwenye waya. Nilipokigusa baadaye kilikuwa baridi kama mtungi wa maji.

Na hilo lingekuwa dogo, lingekwisha kwa aibu. Kabla ya hapo kiongozi wa wale vijana, Yordani, kijana mpole tu, kalamu mfukoni, aliniuliza kama yule bibi anayelia atatulia kijijini. Ningesema atatulia, yangekwisha. Nikasema, "Nyumba ikisimama hatakaa. Atarudi tu." Nilisema kwa uchungu wa ile machela. Niliogopa Mama atamshika Mhina shati mpaka turudi wote, na mimi nizalie njiani tena. Yordani akaitikia kwa kichwa, akaenda kunong'ona na wenzake. Mara namwona mmoja anazunguka nyuma ya nyumba, ameshika kitita cha nyasi zinazowaka.

Kwa ukame huu! Paa lilishika mara moja. Mimi nimesimama uani na chungu changu cha baridi. Kiberiti hakuna, madukani hakijaonekana miezi. Kipande cha boriti kikaanguka mbele yangu, kinawaka. Nikakivuta kwa jembe, nikakivunjavunja, nikakitia chunguni. Pindo la kanga limeungua. Njiani dereva analalamika moshi, nikamwambia ni ubani, mambo ya mimba. Akashusha kioo.

Mama alikipokea chungu kwa mikono miwili. Akapuliza, makaa yakaitika mekundu. Akachovya kidole jivuni, akanipaka kwenye paji la uso, akaniita mama yake. Nami nikakubali kuitwa.

Sasa tunapikia moto uliochoma nyumba yake. Na yeye hajui kama nyumba imeungua.

Jumamosi, 17 Agosti

Tumegawiwa unga wa Yanga. Ule wa njano. Mama kaunusa, kauliza kuku wanakula nini basi kama sisi tunakula hiki. Lakini kala.

Paa bado nusu. Jirani yetu wa kulia, Hamisa, katoka upande wa Mkata, mjane, mdomo haupumziki. Kaja kusaidia kufunga fito, kaondoka na habari zetu zote. Choo kimechimbwa mahali ambapo ukiingia safu nzima inakuona. Mama anangoja giza. Kule alikuwa na pori lake, anakwenda atakapo, hakuna wa kumhesabia.

Leo ananiuliza tu, mikono inachambua mchicha: mlango ule niliufunga vizuri? Maana kamba yake ililegea, mbuzi wa watu wataingia.

Nikasema nimeufunga, Mama.

Mdomo wangu huu huu.

Jumatano, 21 Agosti

Mzee Semboja kaja. Ni mdogo wake marehemu baba mkwe, walikaa jirani kule. Kabeba kigae. Moto wake ulizimika kwenye lori, mtoto aliumwagia maji kwa bahati mbaya, na mzee mzima ameona haya wiki nzima kusema. Kasimama mlangoni, shikamoo yangu hakuisikia. Kamwambia Mama amekuja kupalia moto wa kaka yake.

Mama kaniambia nimpe makaa. Nikampa. Alifunika kigae kwa kiganja upande wa upepo, akaenda polepole, mtu na akiba yake.

Uji wangu nikaumwagia kuku. Mama anadhani ni mimba.

Ijumaa, 23 Agosti

Kuna Simaloi, mama wa Kimasai, analeta maziwa kwenye vibuyu. Ng'ombe wao wako upande wa Kwedimunga. Nilipomsikia anataja jina la kule nikamkimbilia kabla hajafika kwetu, nikamvuta nyuma ya zahanati, nikamwomba asimwambie Mama alichokiona.

Akanishangaa. Kwao wakihama boma wanalichoma wenyewe, anasema, kisha wanaondoka, hawageuki nyuma. Tunalilia nini? Nikamwambia sisi siyo ninyi. Akasema sawa, hatasema, maziwa yake ni yale yale. Kwa hiyo sasa nina mtu wa kunitunzia siri, na mimi ndiye niliyemtafuta. Hata Yordani sikumtafuta.

Jumapili, 1 Septemba

Mhina alikuja jana, kaondoka leo. Nilimwambia. Siyo yote. Nilimwambia nyumba ya kule imechomwa. Alikwangua udongo viatuni. Akauliza kama ni zote. Nikasema sikuona zote, lori liliondoka. Kweli sikuona. Hakuuliza walianzaje na yetu, nami sikumsaidia kuuliza.

Akasema atamwambia mama yake mwenyewe, mtoto wa kiume ndiye wa kusema neno kama hilo. Nikashukuru Mungu. Asubuhi wakanywa uji pamoja, wakaongea bei ya mkonge, mguu wa Mama, jina la mtoto. Mara anaangalia jua, anatafuta kofia, treni haimngoji mtu. Mwanamume mzima! Kanishika bega njiani, kasema tumwache kwanza atulie, ikifika Idi atasema.

Nilimtukana mpaka nikachoka. Yeye ananiambia nisipige kelele na hali yangu. Sasa hasira yangu nimpelekee nani? Aliyeficha neno moja ni yeye. Mimi nimeficha mangapi?

Alhamisi, 5 Septemba

Mkunga kanipima. Mtoto mzima, anacheza, kakaa vizuri. Kasema ningekuwa mbali asingethubutu kuniambia nilale vizuri, lakini hapa nilale.

Nimetoka pale natembea kama msichana. Maji yanatoka, watu wanasalimiana, mtu anapiga nyundo kwenye darasa jipya. Nimenunua chumvi nikatembea njia ndefu makusudi.

Na Mama kaanza kucheka. Hamisa kamletea habari ya mwenyekiti aliyekimbizwa na beberu, Mama kacheka mpaka kashika mbavu. Kiti chake kakigeuza. Sasa anatazama barabara.

Inaniuma zaidi hivi. Alipokuwa ananuna nilikuwa na cha kumchukia.

Jumatano, 11 Septemba

Mambo yameharibika. Mama anataka kwenda Kwedimunga kabla ya mfungo. Akafagie kaburi la mumewe, achukue kinu chake alichokiacha, alale nyumbani usiku mmoja arudi. Anasema kwa furaha. Kashafunga ufagio.

Nikasema jua kali. Akasema jua la wapi si kali. Nikasema mguu wako. Akasema trekta la kijiji linakwenda Jumamosi kuchukua mihogo ya mashamba ya zamani, ameshamsemesha dereva, nafasi ipo.

Basi nikafanya tena. Nilivaa ushungi nikaenda kwa mwenyekiti, nimwombe amnyime ruhusa. Nilimwambia ni mzee, mapigo ya moyo, na akifika kule atagoma kurudi. Nasikia sauti yangu mwenyewe, ni ile ile niliyomwambia Yordani. Mwenyekiti akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema aende. Akaone kwa macho, moyo ukate tamaa, atulie. Kumbe anajua.

Narudi, Hamisa ananingoja uani kwake. Naye anajua! Safu nzima inajua, kasema, Simaloi hakusema lakini wachimba mihogo walisema. Hakuna anayetaka kuwa mdomo wa kumwambia bibi wa watu. Wananionea huruma mimi, wanasema mkwe yule ana siri nzito ya kumlinda mama yake. Ya kumlinda!

Ijumaa, 13 Septemba

Kesho. Nilijaribu alfajiri, Mama anafukua moto. Nikakaa karibu yake. Akanisogezea kijiti, akaanza kunifundisha namna ya kulaza gogo ili liungue polepole, sisi wa mjini tunalisimamisha. Anasema mtoto akizaliwa jiko litakuwa langu, yeye atakuwa mgeni wangu, akitaka chai ataomba.

Nikalaza gogo.

Jumapili, 15 Septemba

Tulikwenda jana, na tulirudi jana ile ile.

Trekta lilitushusha njia panda. Mama mbele na ufagio na ubani, mimi nyuma na maji. Unaanza kuipata nyumba ya Mzee Semboja. Imesimama. Paa lake, mlango umeegeshwa, hata ngazi ya kichanja ipo. Mama akaona vile akaongeza mwendo, mguu na kila kitu. Ananiambia bila kugeuka, unaona, waliotutisha kwamba watachoma nyumba walikuwa wanatutisha bure.

Kisha akafika kwake.

Kuta zipo nusu, zimeiva nyekundu. Ndani jivu, limeshapigwa na upepo, na majani ya mbaazi yameanza kuota kwenye pembe. Kinu kimeungua upande mmoja. Nilingoja apige yowe. Hakupiga. Alizunguka nyumba yote, akaingia palipokuwa mlango, siyo kwenye pengo, mlangoni hasa, akasimama palipokuwa jiko. Akaomba maji. Akanywa, akakaa juu ya kinu.

Akauliza, "Ya Semboja imesimama. Kwa nini yangu?"

Hakuniuliza mimi. Alikuwa anauliza tu. Lakini niliyekuwapo ni mimi. Nikasema sijui, Mama.

Tukaenda kaburini. Alifagia mwenyewe, hakutaka nishike ufagio. Akasoma Fatiha, akachoma ubani, akaongea na mumewe Kizigua cha chini chini, na jina langu nikalisikia mle. Halafu akaja akanishika mkono. Machozi yake ndiyo yalikuwa yanaanza.

Akasema, "Alhamdulillahi. Walichoma miti. Moto ulikuwa umeshatoka, na wewe ndiye uliyeutoa."

Niliona niseme sasa. Sasa hivi, hapa kaburini, mbele ya mwenye nyumba. Nikaanza. Nikasema, "Mama, moto ule." Naye akangoja. Kweli aliningoja, ananitazama usoni, hakunikata. Nikamalizia kwamba moto ule ulikuwa mzito kubeba.

Akasema anajua. Akanifuta uso kwa kanga yake.

Kwenye trekta alikaa juu ya mihogo, ameshika kipande cha kinu alichokibandua upande ulioungua. Sijui atakifanyia nini. Hakuuliza tena habari ya Semboja, lakini tulipopita pale aligeuza shingo akaitazama ile nyumba mpaka ikapotea.

Jumatatu, 16 Septemba

Watu wanangoja mwezi leo. Kijiji kizima kiko nje, kila mtu anatazama upande wa magharibi, na bado jua halijazama.

Tangu asubuhi Mama hajakaa. Kapita safu kwa safu, na mguu ule, kwa wote waliotoka Kwedimunga. Kawaambia nyumba yake imeungua, na kwamba kilichobaki cha nyumba ile kiko jikoni kwake, na aliyekitoa ni mkwe wake. Atakaye aje apalie, daku la kwanza lipikwe kwa moto wa nyumbani. Nilidhani atakuja mmoja, wawili. Wamejaa uani! Wanawake na vigae, na masufuria mabovu, hata kopo la maziwa ya unga. Mzee Semboja kaletewa kiti, kama shahidi. Hamisa naye yumo, hata si wa kwetu, anasema moto mzuri haukatazwi.

Na Mama anawasimulia. Nasikia kila neno, ukuta huu ni miti na udongo mbichi. Anasema vijana walikuja na mwenge, anasema mtoto huyu ana mimba, moshi umejaa, kila mtu anaokoa godoro lake, yeye anaokoa chungu. Simulizi imeshakua. Wanawake wanaguna. Mmoja anauliza iliwezekanaje, lori lilikwenda mbali, makaa hayakufa? Mama anasema hilo mwulizeni mwenyewe, mimi sikuwapo.

Mzee Semboja kauliza swali jingine. Taratibu, sauti yake ile ya puani. Kauliza, nani alikuwapo walipoanza kuchoma? Maana nyumba yake yeye hawakuigusa, na zote mbili ziko hatua chache tu. Kuna aliyewasikia wakisema kwa nini?

Mama kasema Swaumu alikuwapo, mwanzo hadi mwisho.

Mimi nimeingia ndani kuchukua koleo la kugawia. Ninalo, liko mapajani. Naandika nimepiga magoti. Ningeweza kusema sikuona. Ningeweza kusema upepo. Wangeamini, wameshanipa sifa, mtu akishapewa sifa anaaminiwa hata upepo. Wangepalia, wangekwenda zao, na mwezi ungeandama.

Mama huyo, anaita. Hanikemei, anaita kwa majivuno, kila mtu asikie.

"Swaumu! Njoo mwanangu, uwaeleze ulivyoutoa."

Nimemwitikia abee. Wamekaa chini wote, naona miguu yao kwa chini ya pazia, na vigae vyao mbele, vitupu. Sijasimama bado.